Pampu Niliyoifunika Blanketi

Jumanne, 14 Julai. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi kidogo hapa Boko.

Jovina rafiki yangu, leo nimeaibika. Jioni kwenye kozi yetu ya ufundi tulikuwa na mtihani wa vitendo wa pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto la hewani na kupasha maji, ili watu waache mkaa unaoharibu hali ya hewa. Mie nikaifunika blanketi ili joto lisipotee. Ikakosa hewa, ikazima.

Blanketi, Jovina.

Mwalimu Gozbert akaniuliza, "Bibi, umeipalia kama wali?" Darasa likacheka mpaka wengine machozi yakawatoka.

Nilifunga siku tatu kuuombea mtihani ule. Nikampigia mwalimu magoti, nikamwomba nirudie.

Akawageukia wenzangu. "Mbele yenu wote naahidi, nikiwa hai huyu mama hapati cheti."

Wakaitikia, "Amina."