Maksai Wangu Wawili

Jumatano, 7 Agosti 2024

Leo sijashona hata gauni moja. Cherehani imekaa, na mimi nimekaa. Unga ukipanda bei watu hawashonagi – wanavaa za mwaka jana. Kapita mteja mmoja tu, anataka kaptula ya mumewe niipunguze imtoshe mtoto.

Jioni nimemwambia mume wangu Boniphace: tuuze sofa. Akacheka. Akaona mimi sicheki. Sofa hiyo alipewa na madereva wenzake siku anastaafu, mguu umeshamshinda kukanyaga klachi. Akauliza tutakaa wapi.

Nikamjibu, kwenye viti vya plastiki. Lakini tutakula.

Shamba aliloniachia mama kule Bugwema lipo. Ekari tatu, jina langu, majani hadi kiunoni. Kwa jembe la mkono limenishinda misimu miwili. Nataka maksai.

Jumamosi, 17 Agosti

Mnadani Bunda. Sofa, friji na cherehani yangu ya pili – vyote vimekuwa ng'ombe wawili! Mmoja mwekundu, mmoja wa madoa. Wameshafundishwa kulima. Boniphace kawazunguka na fimbo yake kama anakagua lori kabla ya safari: kwato, meno, macho. Kawapa majina palepale. Scania na Fuso. Muuzaji kacheka mpaka kofia ikadondoka.

Hapa kwetu Nyakato, mjini, hakuna pa kuwaweka. Wamekwenda kulala Bugwema, kwenye zizi la kaka yangu Magesa. Kasema, "Dada, ng'ombe zako ni zetu." Nikafurahi. Nilidhani ni ukarimu.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua! Tumelima ekari mbili. Mimi nimeshika plau nyuma, wifi yangu Debora, mke wa Magesa, anaongoza mbele na kamba. Wanaume wanapita, wanasimama. Mmoja kasema mwanamke akishika plau mvua inakimbia. Haikukimbia. Ilitunyeshea mpaka kanga zikatushika miguu.

Majirani wawili tumewalimia, wametulipa muhogo mkavu na mtama. Gunia liko hapa chumbani, pale ilipokuwaga sofa. Leo tumekula ugali wa muhogo na mtama, na visamaki vya furu vya kukaanga. Dukani sijauliza bei ya unga wiki ya tatu sasa.

Boniphace kakaa kwenye kiti cha plastiki, kala, kaongeza. Kaongeza tena.

Alhamisi, 3 Oktoba

Debora kapiga simu. Anaongea chini chini, kama yuko kanisani. Mwanawe Clever, yule wa bodaboda hapo Bunda, kaposa binti wa Butiama, anaitwa Kwangu. Nikapiga kigelegele. Kumbe hajamaliza. Wakwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuona ng'ombe wa mahari. Magesa kaahidi wanane. Zizini ana sita.

Sita na wawili.

Nilikata simu bila kuaga. Sijui kwa nini. Halafu nikampigia tena kuomba radhi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda Bugwema. Magesa hakukataa hata kidogo! Kaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

"Hyasinta, ng'ombe akilala kwenye boma ni wa boma. Wewe ni shangazi. Shangazi ndiye anaozaga."

Nikamwambia hao si wa mahari, ni wa kulima. Ndio unga wangu. Ndio dawa za Boniphace.

"Utanunua wengine."

Kwa sofa ipi?

Nikamkumbusha. Mimi nilipoolewa zilikuja ng'ombe kumi, na hizo kumi ndizo zilizomwoa Debora. Sikuulizwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona ndiyo desturi, hata nikajivuna kwamba nimemtoa kaka yangu aibu. Sasa nina hamsini na moja. Hizi hakuna aliyenipa.

Kasema nisimwaibishe mbele ya watu. Akaenda kunywesha mifugo. Na wa kwangu pia. Anawatunza vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Debora kanisindikiza hadi barabarani. Halafu kaongea bila kuniangalia:

"Mimi nililetwa hapa na ng'ombe zako, wifi. Sitaki na mkamwana wangu aletwe na ng'ombe zako."

Nikamwambia, Clever ni mwanao wa kumzaa.

"Ndiyo. Na huyo mke wake atakujaga kula nini hapa?"

Jumatano, 9 Oktoba

Silali vizuri. Nampenda Clever. Nilimshonea sare yake ya kwanza ya shule. Nikikataa, watasema shangazi kamfukuzia mke. Nikikubali, mwakani narudi kuuliza bei ya unga. Boniphace kasema neno moja tu: kalime.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandikia shambani, karatasi ya nyuma ya daftari la vipimo vya wateja.

Nimefika saa moja asubuhi. Debora alikuwa ameshawafunga nira! Kavaa gauni zuri la kupokelea wageni, juu kafunga kanga kuukuu. Ekari ya tatu ndiyo tunaimalizia.

Wakwe wamefika saa nne. Magesa kawapeleka zizini. Wakahesabu. Halafu wakaja wote hadi ukingoni mwa shamba, na mzee wao kauliza kwa sauti, "Na hawa wawili ni wa nani?"

Magesa kaniangalia. Sijawahi kuona macho yale kwa kaka yangu. Si hasira. Kama ananiomba.

Debora akavuta kamba. Maksai wakaenda. Nami nikaenda, kwa sababu plau haisubiri. Tulipogeuza mwisho wa mstari wageni walikuwa wanarudi nyumbani kwa Magesa, pole pole, mzee mbele. Sijui wamejibiwa nini. Tangu hapo wameketi chini ya turubai. Chakula hakijatoka – mpishi yuko huku na mimi.

Tumepumzisha ng'ombe. Debora analia, halafu anacheka, halafu ananiuliza kama mstari huu umenyooka.

Kuna mtu anakuja kutoka nyumbani. Ni Clever. Peke yake. Sijui katumwa na baba yake au vipi. Anatembea haraka, haangalii nyuma –

Amevua viatu. Suruali ya sherehe ameikunja hadi magotini, kama mtu anayekuja kulima.