Nilikuwa Nimeshika Kamba Lori la Mikate Lilipotugonga

Jumapili, 14 Agosti 1966. Mvua tangu asubuhi.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ijumaa, lori la mikate lilipogongana na gari letu la ng'ombe, mimi ndiye niliyekuwa mbele nimeshika kamba. Na nilikuwa nasoma kitabu.

Basi, nimeliandika.

Nieleze vizuri, maana kichwani mwangu mambo yanarukaruka. Shamba hili la karibu na Chepsaita tulilinunua mwaka jana, familia ishirini pamoja, kutoka kwa Kaburu aliyekuwa anahama. Tulinunua na maksai wake. Hakuna aliyekumbuka kumwuliza huwa anawaambia maneno gani. Maksai hao wanajua lugha yake tu. Ukiwaambia wasimame, kwa Kinandi au kwa Kiswahili, wanakutazama kama mgeni aliyepotea njia. Kwa hiyo lazima mtu atangulie na kamba, awaweke upande wa kushoto, awazuie kwenye kona. Likizo hii mtu huyo ni mimi. Baba mdogo Kiprono hukaa nyuma na mitungi ya maziwa.

Ijumaa barabara ilikuwa tupu. Nikafungua kitabu nilichoazima shuleni. Kurasa mbili tu, nikajiambia. Maksai wakaona nyasi za upande wa kulia, wakaenda, nami nikaenda nao bila kujua. Mimi niliyetakiwa kuwaongoza! Nikasikia honi. Baba mdogo akapiga kelele, "Kushoto! Kushoto, nyinyi!" Hawakuelewa. Nikaachilia kamba, nikarukia mtaroni.

Lori halikuwa linakimbia. Hilo pia sijalisema.

Dereva, Bwana Wekesa, alizungusha usukani kutukwepa, lakini ubavu wa lori ukampata Roiman, yule maksai mwekundu, ukamvunja mguu wa mbele. Lori likaishia mtaroni upande wa pili, mikate ikamwagika barabarani. Yule maksai mwenzake akaanza kuila papo hapo.

Bwana Wekesa alishuka akiwa ameshika mkono wake wa kulia. "Huyu naye anakula bila kulipa," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akaniona. "Mwalimu, umeumia?"

Ananiita Mwalimu kwa sababu huniletea magazeti ya zamani kutoka Eldoret nisome.

Muhula uliopita askari wa barabarani alikuja shuleni akatufundisha la kufanya ajali ikitokea. Mwangalie aliyeumia kwanza. Usisogeze kitu mpaka polisi waone. Andika namba ya gari. Sema ulichoona wewe, siyo ulichoambiwa. Niliyaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri. Halafu Ijumaa nilisimama pale nikitazama wazee wa shamba wakifanya kinyume. Walilisukuma lori mpaka likatoka mtaroni. Walilivuta gari la ng'ombe hadi nyumbani. Na Roiman ni wa familia ishirini, hakuna aliyekuwa tayari kumwacha aoze akimsubiri polisi. Wakamchinja palepale, wakagawana.

Koplo wa polisi alipofika na baiskeli, saa nane mchana, mvua ilikuwa imefuta alama za magurudumu na ngozi ya Roiman ilikuwa imetandazwa juu ya ua.

"Sasa mimi nipime nini?" akauliza. "Nipime nyama?"

Watu walicheka, isipokuwa Mzee Kimaru, mwenyekiti wetu. "Pima mwendo wa huyu. Hawa watu wa mikate wanadhani barabara ni ya mama yao."

Lori lilipotugonga, Mzee Kimaru hakuwepo. Wote hawakuwepo.

Baba mdogo akasema tulikuwa upande wetu na lori lilikuja mbio. Sijui kama alisema hivyo kwa ajili yangu au kwa ajili yake mwenyewe. Nadhani alikuwa amesinzia. Koplo akaniinamia. "Na wewe, msichana, ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikutamka hata neno moja, lakini nilimwona akiandika.

Bwana Wekesa hakubisha. Alinitazama tu, kisha Koplo akaondoka naye. Leo kanisani wamesema amelala kituoni, kesho anapelekwa mahakamani Eldoret, na lazima atanyang'anywa leseni. Dereva asiye na leseni atafanya kazi gani? Watoto wake wako Kiplombe. Mmoja ana jina kama langu, aliwahi kuniambia.

Ninaogopa. Wanachama wengine wa shamba humwambia Baba kwamba kusomesha msichana ni kupoteza pesa bure. Yeye huwajibu, "Huyu wangu atawasomea barua zenu zote." Nikisema, watasema kitabu ndicho kilichomuua Roiman. Na watakuwa wamesema kweli.

Nyama yetu sikuila. Mama anadhani nina malaria.

Nifanye nini? Uongo mwingine huo. La kufanya nalijua.

Jumatatu.

Nilimwambia Baba asubuhi akiwa anakamua. Hakuacha kukamua mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema, "Kavae viatu."

Tulitembea hadi kituoni kwenye matope. Njiani aliuliza kitabu chenyewe kilikuwa kinahusu nini. Nikamwambia. Akasema, "Hm."

Tulisimama mbele ya Koplo. Nikatoa karatasi niliyokuwa nimeandika, nikampa. Akaitazama, akanirudishia. "Mwandiko mzuri. Sasa nisomee."

Bwana Wekesa alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mkono umefungwa kitambaa, akingoja gari la kumpeleka Eldoret. Nikaanza kusoma. Kitabu. Nyasi. Kamba. Honi. Lori halikuwa linakimbia. Nilipofika pale nilipoitikia kwa kichwa, nikakwama. Koplo akangoja. Baba naye akangoja.

Nilisoma mpaka mwisho. Nikatia sahihi, Baba akaweka alama ya kidole gumba chini yake, halafu tukageuka na kushika njia ya nyumbani kwa Mzee Kimaru, kumwambia yeye pia kwamba kosa lilikuwa langu.