Njiwa wa Ofisini

Jumatatu, 5 Septemba 2011

Kikao cha asubuhi kimezaa kazi. Mkurugenzi kasema simu zinakula vocha, barua pepe zinasomwa kesho yake, sasa anataka tuwe tunachati ndani ya ofisi. Seva tunayo. Basi Letisia achague programu, aifunge kwenye kila mashine, mpaka kituo chetu cha Gendabi. Wiki moja.

Nimefurahi, nisijidanganye. Tangu nitoke Arusha na cheti changu, kazi kubwa niliyofanya kwenye huu mradi wa mifugo ni kuchomoa karatasi zilizonasa kwenye mashine ya fotokopi. Leo nimeitwa mtaalamu mbele ya watu.

Kompyuta ziko tisa. Mbili zina umri wa kupata komunyo ya kwanza.

Jumatano, 7 Septemba

Nimejaribu programu nne. Zimebaki mbili. Moja ina alama ya ndege, nimeipa jina Njiwa. Nyingine ina alama ya moto, nimeiita Cheche. Cheche ni nzuri kwa macho — lakini nzito! Nimeiweka kwenye mashine ya Bernadina mapokezi, akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe, bado inafunguka. Njiwa anafunguka hata kwenye yale makopo mawili ya stoo.

Kaka Dionis, afisa utawala, kakaa na mimi mchana kutwa. Katoka Songea, hana ndugu huku, na tangu nianze kazi ndiye pekee anayeuliza maswali ya maana. Kauliza maongezi yanatunzwa wapi. Nikamweleza: ukichagua Njiwa au Cheche, ni yaleyale, mwenye uamuzi ni seva. Kuna kisanduku kimoja. Ukikiwekea tiki, seva inatunza kila neno la kila mtu. Ukikiacha, haitunzi kitu.

— Na wewe unakiacha?
— Nakiacha.
— Vizuri, kasema. Watu lazima wawe na imani.

Jumatatu, 12 Septemba

Njiwa kaanza kazi. Nimesimama mbele ya wote, nimeonyesha jinsi ya kuingia. Gendabi walikuwa wanasikiliza kwa simu. Dereva akauliza, haya tutakayoandika yanabaki wapi? Nikajibu kwa sauti: hayabaki popote. Nimezima kwenye mashine zenu, nimezima kwenye seva, kwa mkono wangu. Watu wakacheka wakapumua.

Siku ya kwanza Njiwa kabeba shikamoo tupu. Taa ya mkubwa ikiwaka kijani, wadogo wote wanaona ni lazima wamsalimie, na yeye ni lazima aitikie mmoja mmoja. Mkurugenzi kaitikia marahaba saba kabla ya saa tatu. Kazi haikufanyika.

Ijumaa, 16 Septemba

Renatus kanichekesha leo mpaka Bernadina akaja kuona kama nina akili. Renatus ni mtoto wa mama yangu mkubwa, ndiye bwana mifugo wetu Gendabi. Zamani tulikuwa tunaonana Krismasi tu. Sasa kila asubuhi: "Mdogo wangu, umeamkaje?" Halafu anaendelea kwa Kiiraqw, anavyozungumza nyumbani, na masihara yake yote.

Nimegundua si sisi tu. Nusu ya ofisi wakitaka kuwasema wakubwa wanahamia Kiiraqw. Mkurugenzi ni wa Mahenge, Dionis wa Songea. Hata wakisimama nyuma ya kiti chako wanaona herufi tu. Mimi na diploma yangu ya mitandao, na bado kufuli bora ya ofisi hii ni lugha ya bibi yangu.

Jumatano, 21 Septemba

Shangazi kafariki Haydom. Nakwenda na basi la mchana, nitakuwa huko mpaka Jumapili. Seva ina tabia ya kugoma umeme ukikatika, kwa hiyo nimemwandikia kaka Dionis neno langu la siri kwenye karatasi. Kaniambia nisifikirie ya kazi, nikazike. Kanipa na rambirambi yake. Mtu mwenye utu.

Jumatano, 28 Septemba

Renatus hajatania leo. Kaniandikia kwa Kiiraqw maneno marefu, nayaweka hapa kwa kifupi maana yamenikaa kifuani.

Jenereta ya Gendabi ilikosa mafuta tangu Ijumaa. Friji ikazima. Chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaovimbisha mapaja ya ndama, ikakaa siku nne bila baridi. Jana ilikuwa siku ya kuchanja. Wafugaji walikuwa wameshafika tangu alfajiri, wengine wametembea na ndama toka mbali, maboma mazima. Mzee Gidahosh, yule Mbarbaig anayewaongoza wenzake, alikuja na ndama wote. Renatus hakuweza kuwaambia warudi. Kawachanja. Kasema: "Nilikuwa najua moyoni kwamba dawa imekufa. Nilichoma sindano huku najua."

Nikamwambia aandike ripoti. Akasema taarifa ya friji alishampa Dionis, zaidi ya mara moja, ila hili la kuchanja hajamwambia mtu. Mimi peke yangu.

Nikaandika tu: niko na wewe, kaka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Ndama wa Mzee Gidahosh wamekufa. Sita. Na wa jirani zake wanachechemea, mapaja yamevimba. Kaja mwenyewe leo mpaka hapa ofisini Dongobesh, safari ya siku nzima. Hakufoka. Kasimama mapokezi na fimbo yake, akasema mlituambia tukichanja hawatakufa, nataka mtu mmoja aniambie kilichotokea. Mkurugenzi kamwahidi kamati.

Renatus hayuko hewani siku mbili.

Jumatatu, 17 Oktoba

Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama kesho nitausoma.

Mashine ya fotokopi ilinasa. Wakaniita, kama kawaida. Nikafungua mlango wa nyuma, nikachomoa karatasi iliyokunjamana, nikainyoosha nione kama inafaa kurudiwa. Ni maongezi yangu na Renatus ya tarehe 28. Yote. "Nilichoma sindano huku najua." Na pembeni, kila mstari wa Kiiraqw umeandikwa Kiswahili chake kwa kalamu.

Mwandiko ni wa Bernadina.

Naujua kuliko wangu. Miaka minne sekondari tumelala kitanda kimoja cha deka, mimi juu yeye chini, na barua zote za nyumbani alikuwa anamalizia yeye mimi nikichoka.

Mchana nikasikia Renatus kasimamishwa kazi. Kamati ni Ijumaa. Barua aliyopewa inasema amekiri kwa maandishi.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimefungua seva. Kisanduku kina tiki. Imewekwa Alhamisi tarehe 22 Septemba, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne ile mimi nilikuwa nimesimama kaburini Haydom, natupa udongo. Na mtumiaji aliyeiweka? "letisia".

Nimekwenda moja kwa moja kwa Dionis. Sikubisha hodi. Nikamuuliza kwa nini. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. Kasema mkurugenzi alitaka kujua watumishi wanasemaje, na yeye ni mtumishi kama mimi. Nikasema nitaeleza kamati kwamba ni yeye. Akaniangalia kwa huruma — huruma! — akasema, "Dada Letisia, seva inasema ni wewe. Na neno la siri ulinipa mwenyewe, mtu akipewa ufunguo si mwizi."

Nimekuwa nikimwita kaka mwaka mzima. Nimemletea maziwa ya mgando kutoka kwa mama yangu. Alikuwa anauliza maswali ya maana, ndiyo. Sasa najua yalikuwa na maana gani.

Jumatano, 19 Oktoba

Bernadina. Nilikuwa nimepanga kumtukana, nikamkuta stoo analia, matusi yakanipotea.

Kasema Dionis alimletea karatasi na kumwambia Letisia ameshakubali, ni kwa ajili ya kesi, tafsiri tu. Jina langu lilikuwa juu ya ukurasa, akaamini. Nikamuuliza, uliposoma mstari wa kwanza uliamini bado? Akasema:

— Mkataba wangu unaisha Desemba. Wewe una cheti, utapata kazi hata Babati. Mimi nina watoto wawili na mashine ya kuchapa.
— Ungeniambia.
— Ungenizuia.

Kweli ningemzuia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakusema ufanye nini ukikikuta na chenyewe kinalia. Nilimpa kitambaa. Kisha nikatoka bila kuaga, na sijui lini nitamsemesha tena.

Nimempigia Renatus mara tano. Anakata.

Alhamisi, 20 Oktoba

Leo nimesoma yote. Najua si vizuri, ni maongezi ya watu, lakini kama wengine wameshayasoma mimi mwenye seva nione haya ya nini? Kumbe ninavyosemwa! Naringa, eti, natembea kama nimemeza antena. Sawa.

Kisha nimeipata. Renatus kwa Dionis, Kiswahili safi, hakuna cha kutafsiri.

Ijumaa tarehe 23: mafuta yameisha, friji imezima, chanjo imo ndani.
Jumamosi tarehe 24: friji bado, naomba mafuta leo.
Jumatatu tarehe 26: chanjo ni kesho, niahirishe?

Na majibu ya Dionis. Sawa. Sawa. Na la mwisho: "Usiahirishe, mkurugenzi ameshaahidi wafadhili takwimu."

Nilirudia mara tatu. Dionis aliweka tiki ili atusome, akasahau kwamba na yeye anachati humohumo. Seva haina mkubwa. Imemtunza kama ilivyotutunza sisi.

Sidhani alisahau kwa muda mrefu. Saa tisa kaja kwenye chumba cha seva, mpole, kafunga mlango. Kasema mkurugenzi anahitaji kurasa tatu tu za tarehe 28. Kwamba nizisainie kama mtaalamu, kuthibitisha ni za kweli. Zilizobaki nizifute zote kabla ya kamati, "zinajaza seva bure". Nikauliza nisiposaini? Kasema basi kamati itauliza nani alikuwa anapeleleza wenzake, na jibu liko kwenye seva, kwa jina langu.

Nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma. Nikifuta kila kitu, hata zile tatu, Renatus atabaki na kopi za Dionis dhidi yake na mimi nimeteketeza kinga yake. Nikisaini, nimemuuza. Nikitoa zote, Dionis anaanguka — lakini Renatus anaanguka naye, maana ile sindano aliichoma yeye, na mimi nitajulikana Mbulu nzima kama msichana aliyewaahidi watu siri huku anawarekodi. Watamwuliza nani? Seva? Na Mzee Gidahosh anataka mtu mmoja tu amwambie kilichotokea.

Nina hasira na Renatus pia. Niandike ukweli, nani atasoma. Alijua dawa imekufa. Kwa nini aliniambia mimi?

Ijumaa, 21 Oktoba

Saa tano kasoro robo. Kamati saa tano kamili. Nimejifungia chumba cha seva, naandika kwenye daftari magotini.

Nimetoa zote kwenye printa. Kurasa thelathini na moja, za Dionis juu. Ziko mapajani, bado zina joto. Kutoa si kupeleka. Naweza kuzichana. Karatasi ya kusaini nayo iko hapa, imepigwa muhuri tayari, imeachwa nafasi ya jina langu tu.

Kupitia dirisha nimemwona Renatus akishuka kwenye gari la kutoka Katesh, njia ya Gendabi. Amevaa koti la harusi yake. Nyuma yake Mzee Gidahosh na wenzake wawili. Hawakuja pamoja, lakini wamesimama karibu na hawasemeshani. Nilitaka kukimbia nje nimweleze. Sikutoka. Angeniuliza mbele ya wale wazee, nami ningesema nini?

Saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Njiwa kalia. Ujumbe wa Renatus, kutoka mashine ya mapokezi. Kuta mbili tu kati yetu, angeweza kuja kugonga. Ameingia kwa jina lake, hakuna aliyekumbuka kumfungia.

Hakuandika Kiiraqw. Hakuandika mdogo wangu. Kaandika Kiswahili cha barua, herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, kama mtu anayetaka kila mmoja aweze kusoma:

"Ndugu Letisia. Naomba kujua kabla sijaingia. Ni wewe uliyewapa?"

Dionis anagonga. Ananiita dada, kwa sauti ileile. Anasema wote wameshakaa.

Nimeandika "Hapana". Sijabonyeza. Ahadi niliitoa mimi, neno la siri nilitoa mimi, na hata hii hapana itatunzwa. Nimeifuta. Nimeandika "Kaka, neno la siri nilitoa mimi", nimebonyeza, nimechukua kurasa zote thelathini na moja, naenda kufungua mlango.