Kutembea Katikati ya Ndagala

Da Riziki,

Amahoro kwenu hapo Uvira, na mama umusalimie sana.

Nikuambie ninafanyia wapi mazoezi ya majaribio ya kesho, yale ya kuchagua mamodeli: huku Rumonge ufukweni, asubuhi, wamama wakishaanika ndagala kwenye mchanga. Wanaacha kanjia kadogo, upana wa mguu mmoja tu. Ndimo ninajifunza kutembea kama modeli, kichwa juu, bila kuangalia chini. Jana mama mmoja mwenye ndagala akapiga kelele: "Weye shingo ya korongo! Ukikanyaga samaki yangu utaikula na mchanga wake!" Nilicheka, nikapita hadi mwisho, Neema wangu akilala mugongoni.

Lakini musichana mwenzangu wa majaribio ananishauri kesho nimufiche mutoto, niseme sijazaa, ndiyo watanichukua. Nimekataa, dada. Kwenye karatasi ya hao wanaotuchagua nimeandika: mutoto mumoja, miezi nane. Tena kwa herufi kubwa, wasome vizuri. Wakitaka kunikataa, wanikatae. Mimi mutoto wangu simukani mbele ya mutu.

Uniombee, na ujikumbatie kwa ajili yangu.

Mudogo wako,
Mama Neema