Isombe Niliyokuwa Naimwaga

Kinyinya, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mvua.

Imenyesha tangu alfajiri, na sasa saa kumi na moja jioni yamebaki manyunyu. Ghorofa linalojengwa upande wa juu limetushushia udongo mwekundu hadi getini, na viatu vyangu vya kanisani viko nje, vimelowa hadi ndani. Faustin, mume wangu, amelala kwenye kochi kwa shibe. Nitaieleza hiyo shibe, maana ndiyo iliyonifanya nifungue kompyuta siku ambayo nilipanga kusahihisha madaftari.

Leo sikushiriki Meza ya Bwana.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwangu si dogo, kwa sababu mkate wa Meza naoka mimi. Ni mwaka wa nne sasa. Jumamosi ya mwisho kabla ya Meza nakanda unga jikoni kwangu, naoka, naufunga kwa kitambaa cheupe, na asubuhi mzee wa kanisa anaukata vipande vidogo vinavyopita kwenye sinia kutoka benchi hadi benchi. Watu zaidi ya mia wanakula kitu kilichotoka mkononi mwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeweka nini ndani.

Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Nyuma ya ua wetu anakaa mukecuru mmoja. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinyarwanda, kwa heshima. Jina lake sitaliandika hapa. Alirudi kutoka Kongo, mimi nilirudi kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa, na kwa kuwa Kinyarwanda chetu kila mmoja kina kasoro zake, mara nyingi tunaongea Kiswahili. Mimi ninakifundisha sekondari. Yeye anakiongea tu, tena kwa raha kuliko mimi. Ni mjane, hana mtoto aliye hai, na tunasali kanisa moja. Anakaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha.

Kila Jumamosi, kama saa tisa, mukecuru anasukuma geti letu akiwa na bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani. Ndani kuna isombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa karanga. Isombe haipikwi kwa haraka. Inatwangwa, inachemshwa, inaachwa juu ya mkaa nusu siku. Kwa hiyo mtu anayekuletea isombe Jumamosi saa tisa ameamka kwa ajili yako.

Nami kila Jumamosi nilipokea bakuli kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaulizia magoti yake, nikamsindikiza hadi getini. Kisha nilizunguka nyuma ya jiko, kwenye shimo la taka, nikaimwaga yote.

Nimeliandika. Sasa liko hapo, halifutiki.

Nieleze, ingawa maelezo si utetezi. Tulipohamia hapa, jirani mmoja ambaye sasa ameshahama alinivuta pembeni wiki ya kwanza, akaniambia nisile kwa yule mama. Mukecuru alikuwa na mpangaji, akasema, ambaye alikula kwake siku ya Jumatatu na Ijumaa akazikwa. Niliuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Akanitazama kwa huruma, kama mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga. Kwetu sumu haihitaji ushahidi. Inatosha mwanamke awe peke yake, awe mzee, na apende kupika.

Baadaye nilisikia kwa mtu wa kuaminika kwamba yule mpangaji alikuwa mgonjwa wa ini miaka mingi, hata kabla hajapanga pale. Nilisikia, nikaelewa, na Jumamosi iliyofuata nikamwaga vilevile. Darasani nafundisha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naipenda methali hiyo. Sikuwahi kujiuliza ni watu wangapi imewaua wakiwa hai.

Tena kuna mama yangu. Marehemu mama alitulea ugenini kwa desturi za nyumbani zaidi kuliko walivyolelewa waliobaki nyumbani. Mwenyeji anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ndipo anakupa. Huko ndiko kusogongera. Mwenyeji anaonyesha kwamba chombo ni safi na moyo wake ni safi. Mama alisema, usile kitu ambacho mwenyewe hajakionja mbele ya macho yako. Na usikatae pia, maana kukataa ni tusi. Pokea, shukuru, kisha tafuta pa kukipeleka. Mama alikuwa mtu wa sala kuliko mimi, na sikuona kwake mgongano wowote kati ya hayo mawili.

Faustin aliniuliza siku moja, mwezi wa saba labda, mbona haoni ile isombe ya jirani wakati bakuli analiona likianikwa. Nikamwambia ilichacha. Baada ya wiki mbili akauliza tena, nikamwambia hivyohivyo. Akasema isombe ya mukecuru huyu ina bahati mbaya sana. Alitania tu. Mimi nilienda jikoni nikafungua bomba ili nisikike nina kazi.

Na bakuli sikulirudisha tupu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi mikono mitupu. Nililiosha, nikaweka viazi, au maharage, au kipande cha mkate uliobaki. Mukecuru alikula. Najua alikula, maana alikuwa akinisifia mkate.

Sasa jana.

Jana alikuja kama kawaida, mvua ikiwa inaanza. Hakukaa. Nilimsindikiza, nikarudi, nikazunguka nyuma. Nililigeuza bakuli juu ya shimo, na kwa kuwa isombe ya jana ilikuwa nzito, niligonga chini ya bakuli kwa kijiko ili itoke yote. Nagonga, naimba pambio. Niliponyanyua macho, mukecuru alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko. Alikuwa ameusahau mwavuli wake kwenye kiti cha barazani, na alipoona mlango wa jiko uko wazi alipita huku nyuma kunitafuta.

Aliliangalia bakuli. Alisema amekuja kuchukua mwavuli. Nilimpa. Mikono yangu ilikuwa na isombe, na mpini wa mwavuli ukapata alama ya kijani, na alikwenda nao hivyohivyo bila kuufungua, kwenye mvua.

Nilipaswa kumkimbilia. Nilikanda mkate. Ilikuwa Jumamosi ya kuoka, unga ulikuwa umeshapimwa, na nilijiambia kazi ya Mungu haingoji. Ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayohayo. Nilikanda kwa mikono ileile.

Usiku sikupata usingizi wa maana, na asubuhi kanisani nilikaa mahali ninapoweza kuliona benchi la tatu. Sinia lilipoanza kupita sikusali. Nilikuwa namwangalia mukecuru. Niliogopa kwamba atalipitisha bila kuchukua, na kanisa zima litaona, na atakuwa na haki. Sinia likamfikia. Akachukua kipande, akakishika kwenye kiganja kwa muda, akafumba macho, akala.

Hapo nilitamani angekataa. Ingekuwa rahisi kwangu.

Sinia lilipofika kwangu nilimpa mwenzangu wa pembeni. Faustin aligeuza shingo. Mke wa mchungaji aliona pia. Miaka minne naoka, na leo nilikuwa mtu pekee kwenye benchi letu mwenye mikono mitupu. Kuna lile fundisho ambalo tumelisikia tangu utotoni, kwamba ukikumbuka nduguyo ana neno juu yako, uiache sadaka hapohapo uende kwanza. Nimelifundisha Shule ya Jumapili, kwa michoro ya rangi. Sikujua kwamba hiyo safari ya kwenda, ambayo kwenye mchoro ni mshale mmoja tu, inatembewa kwa miguu, kwenye matope, ukiwa umevaa viatu vya kanisani.

Nilimwambia Faustin atangulie nyumbani. Sikumwambia sababu.

Mukecuru alikuwa jikoni kwake, jiko la mabati, amekaa kwenye kigoda mbele ya mkaa. Alinikaribisha kama anavyonikaribisha siku zote, akanisogezea kigoda cha pili. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, na mimi ni mwalimu wa lugha, maneno sikosi. Yote yalinikimbia. Nilisema tu, "Nimekuwa nikimwaga. Si jana peke yake." Nikaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza.

Baadaye alichukua sahani, akapakua isombe kutoka kwenye sufuria iliyokuwa jikoni, ileile ya jana iliyobaki. Akachukua kijiko. Na kabla ya kunipa sahani, akachota kijiko kimoja, akakiinua mbele ya macho yangu ili nione vizuri.

"Kosa iko yangu, Mama Keza," akasema. Ananiita kwa jina la binti yetu. "Ningeonja mbele yako toka siku ya kwanza. Nilifikiria watu wa Meza moja hawaonjeagi."

Hakusema kwa hasira. Ningependa kuandika kwamba alisema kwa tabasamu, lakini hapana. Alisema kama mtu anayerekebisha jambo ambalo lilimpita.

Nikamshika mkono, kijiko kikiwa njiani. Nikamwambia asionje. Nikakichukua mimi, nikala.

Nitakuwa mkweli kwa sababu vinginevyo sioni kwa nini niandike. Nilipofungua mdomo niliogopa. Baada ya machozi yote yale, baada ya Meza niliyoiacha, hofu ilikuwa ileile ya mama yangu. Nilimeza nikiwa naogopa. Labda imani yangu yote iko hivyo, sijui.

Ilikuwa isombe nzuri sana. Karanga zilikuwa nyingi, na kulikuwa na bilinganya iliyolainika hadi kupotea. Lakini kulikuwa na kitu kimepungua, na mdomo wangu wa mpishi ukasema kabla akili haijaukataza. Nikasema, "Mukecuru, umesahau chumvi."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ulisemaga mzee wako iko na tension? Ile siku ya maombi. Daktari alimukataza munyu. Toka pale mi napikaga sufuria mbili. Ile yenu haina munyu."

Ile siku ya maombi ilikuwa mwezi wa pili. Nilisimama mbele ya kikundi chetu cha kina mama, nikaomba waniombee, kwamba Faustin ana presha, kwamba hali chakula kisicho na chumvi, kwamba sijui tena nimpikie nini. Kina mama waliniombea kwa sauti kubwa, wengine kwa machozi. Nami nikarudi nyumbani nikaendelea kumwomba Mungu anionyeshe jinsi ya kumpikia mume wangu. Nilimwomba kila asubuhi. Nilimnung'unikia hata humu, kwenye blogu hii, wanaonisoma wanakumbuka.

Na kila Jumamosi saa tisa jibu lilisukuma geti, nami nililipokea kwa mikono miwili nikalimwaga shimoni.

Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema nile, iko nyingi. Sikuuliza tena. Aliniambia pia kwamba siku zote alijua mimi siipendi isombe, kwa vile sikuwahi kuisifia, lakini alifikiri mzee anakula. Niliitikia kwa kichwa.

Bakuli la bati nililibeba mwenyewe kurudi nalo, limejaa. Faustin alikula akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaongeza. Hakuulizia chumvi. Aliuliza nani amepika, nikamwambia, na nikamwambia na yale mengine yote, kuanzia ile ya kwanza niliyosema imechacha. Alihesabu kwa vidole tangu ile siku ya maombi. Akasema, "Miezi tisa." Halafu akamaliza sahani yake, na ndiyo hiyo shibe inayokoroma hapo.

Nimefikiri mara mbili kuiweka hii hapa. Kanisani wapo wanaonisoma. Wasome. Kabla ya Meza ijayo nitamwambia mchungaji mwenyewe, aamue kama bado wanautaka mkate wangu.

Mvua imekatika. Bakuli la mukecuru liko mezani, nimeliosha, nimelifuta, linang'aa. Kesho kabla sijaenda shuleni nalipeleka, na kwetu chombo hakirudi mikono mitupu. Tangu saa tisa nimefungua kabati mara tatu. Kuna viazi, kuna maharage, kuna nusu ya mkate wa jana.

Niweke nini ndani yake?