Moto wa Mzee Gidamis Ndani ya Seva

Jumatano, 12 Februari. Ni mwezi wa tisa tangu nitoke Kasulu. Upepo wa mlimani umeamka kabla yetu, vumbi la Katesh limeingia mpaka kwenye chai. Mwili umechoka ila siumwi. Nimekunywa chai hiyo hiyo na vumbi lake.

Leo nilikuwa nasubiri jibu moja tu: naenda nyumbani au siendi.

Kwa wanaopita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza, nilikuja Hanang kuchimba mitaro na kusimamisha nguzo za kampuni ndogo ya Arusha inayopeleka masomo mashuleni kwa mtandao wa hewani. Kazi ya mitaro ilipoisha wenzangu walihamishiwa kwingine. Mimi nikabakizwa kwa sababu nilifika kidato cha pili na naweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo. Sasa nashinda kwenye kontena chini ya mnara, upande wa Jorodom. Ukitoka mlangoni na kuinua macho unaona mlimani pale tope la maporomoko lilipopita, bado pekundu. Ndani ya kontena kuna seva. Masomo yote yamo humo. Shule za Dongobesh, Masakta mpaka Yaeda Chini zinavuta kutoka hapa.

Seva haina picha wala kitu cha kubofya. Ni kioo cheusi na maandishi meupe. Injinia Rehema, ambaye ni bosi wetu, yuko Arusha na kwa kawaida anaingia humo akiwa huko huko. Tatizo ni kwamba mashine ikizidiwa, hata yeye inamfungia nje. Hapo ndipo anapohitaji mtu aliyekaa mbele yake.

Mtu huyo ni mimi mchana. Asubuhi ni Mzee Gidamis, mlinzi wetu. Usiku mashine inajilinda yenyewe.

Amri ninazozijua si nyingi. Naanza na uptime. Inatoa namba tatu: mzigo wa dakika moja iliyopita, wa dakika tano, na wa robo saa. Mashine yetu ina vichwa vinne vya kufanyia kazi, kwa hiyo namba ikikaa chini ya nne napumua. Ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya tatu, mzigo unashuka. Ikiwa kubwa, kuna jambo linakuja. Halafu naandika free, naangalia kumbukumbu. Mwanzoni nilikuwa nashtuka nikiona iliyo tupu ni kidogo, mpaka Injinia akaniambia mashine huwa inajaza nafasi isiyotumika kwa makusudi, niangalie safu ya mwisho, ile inayosema inayoweza kupatikana. Halafu df, kuona diski imejaa kiasi gani. Nikimaliza natuma majibu kwa simu.

Si kazi ngumu kama sululu. Inachosha kwa namna nyingine. Unaangalia kitu ambacho siku nyingi hakibadiliki, na huruhusiwi kuacha kukiangalia.

Sasa la nyumbani. Zawadi ni mwanangu wa kwanza. Wenye kumtaka wanaleta posa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwetu baba asipokuwepo kiti hakibaki kitupu, anakikalia baba mdogo, na maneno yote yanasemwa kwake. Mdogo wangu ni mtu mwema na anampenda mtoto.

Sitaki akikalie.

Niliomba ruhusa mapema. Injinia alisema niende wiki mbili, kwa sharti kwamba mashine iwe imetulia na Mzee Gidamis aweze kubaki nayo peke yake. Tangu aseme hivyo, mashine haijatulia. Kila siku mzigo umekuwa ukipanda kidogo kuliko jana. Mwalimu wa Yaeda Chini, ambaye kufika kwake ni safari ya njia mbovu, alipiga simu wiki iliyopita akasema wanafunzi wanakaa wanaangalia duara linazunguka mpaka kipindi kinaisha. Alisema kwa upole. Afadhali angegomba.

Leo nilipoingia zamu, namba ya kwanza ilikuwa kumi na moja. Shule zilikuwa bado mapumziko, hakuna aliyekuwa anavuta chochote. Nikampigia Injinia, nikaweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa.

"Shikamoo baba Zawadi."

"Marahaba mwanangu. Imezidiwa tena."

Akaniambia niandike vmstat na nimsomee safu yenye herufi mbili, w na a. Ilikuwa juu ya themanini, na ikabaki huko huko kila mstari mpya uliposhuka. Safu hiyo inaonyesha muda ambao vichwa vya mashine vimekaa bure vikisubiri diski ilete kitu.

"Basi si wanafunzi," akasema. "Kuna kitu kinaikwangua diski. Andika ps, ile ya kuorodhesha kazi zinazoendelea, kama nilivyokufundisha, unisomee majina ya amri."

"Du," nikasoma. "Du. Du. Du. Du tena."

"Baba Zawadi, unanitania?"

"Sikutanii. Zimejaa kioo kizima."

Halafu akauliza, "Ni za nani?"

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiyekaa na sisi hawezi kuelewa.

Du ni amri inayopima ukubwa wa makabati ya masomo. Inapita faili moja moja mpaka iyamalize, na masomo yetu ni faili ndogo ndogo nyingi mno. Mwisho wa mwaka diski ilikaribia kujaa, Injinia akataka tuwe tunaipima. Mimi ndiye niliyemfundisha Mzee Gidamis amri hiyo, na nikamwonyesha namna ya kuifanya ijirudie yenyewe bila kuiandika upya. Aliipenda. Watu wake ni wafugaji wa kule tambarare, na aliniambia ule mstari unaobadilika ni kama kusimama mlangoni mwa zizi jioni na kuangalia wanyama wanavyoingia. Zamu yake ikiisha anainuka, anaacha amri inaendelea kioo kikiwa wazi.

Nikifika mimi nahitaji kioo. Ningeweza kubonyeza vitufe viwili kuizima. Sijawahi. Yule ana umri wa baba yangu. Kuzima kazi ya mtu mzima ambaye hata hajafika getini, bila kumuuliza, mkono wangu haujui kufanya hivyo. Kwa hiyo nilikuwa natumia njia ya kuirudisha nyuma ya kioo, ikaendelea kimya kimya huko, na mimi nikapata nafasi yangu. Jioni naondoka kioo kikiwa kitupu. Asubuhi mzee anafika, anakuta kioo kitupu, anawasha nyingine.

Kila siku moja mpya. Hakuna iliyozimwa.

Majina haya nilikuwa nayaona kwenye orodha, na pembeni yake jina la mzee. Nilikuwa nayaruka kwa macho, kama unavyopita mbele ya nyumba ya watu bila kuchungulia dirishani.

"Baba Zawadi? Ni za nani?"

Nakiri nilipiga hesabu. Nikisema ni za mzee, ataonekana hawezi, na mtu mwingine wa kubaki hapa hayupo, basi siendi. Nikisema ni zangu, mzee anabaki msafi na mimi huenda nikaenda. Uongo huo ungetufaa sote wawili. Ulikuwa umeshafika mdomoni.

Kilichonizuia si wema. Niliona tu kwamba nikisafiri bila mzee kujua, kesho yake asubuhi atakuta kioo kitupu na atawasha nyingine. Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu Kasulu, huku Yaeda Chini watoto wanaangalia duara.

"Ni za Mzee Gidamis," nikasema. "Na aliyezificha ni mimi."

"Zizime sasa hivi."

"Ngoja nimwite mwenyewe."

"Mashine inakufa, baba Zawadi!"

"Yupo hapa nje."

Alikuwa amemaliza zamu, amekaa kwenye kivuli cha kontena anavuta ugoro, anasubiri pikipiki ya kumpeleka kwake.

"Mzee, Injinia anaomba tuzime kazi zako."

"Kazi gani? Nimeshamaliza."

"Wewe umemaliza. Zenyewe hazijamaliza."

Akaingia akiwa ameinama, akafuta pua, akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo.

"Zote hizi zangu?"

"Zote, mzee."

"Kumbe mimi ni tajiri, na mnaniita mlinzi."

Injinia akamsikia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe binti, mbona unapiga kelele huko? Nimekusikia toka nje."

"Naipigia kelele mashine, mzee, si wewe."

"Mashine haisikii. Ingekuwa inasikia, huyu Muha wa Kasulu, kwao waganga tele, angeshaiponya, anavyonung'unika humu ndani peke yake."

Injinia akacheka. Mimi sikucheka. Nikamweleza mzee taratibu kilichotokea, kioo kilichokuwa kitupu na nilichokuwa nafanya. Akanisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Kwetu," akasema, "anayelinda zizi akienda kulala hazimi moto wa mlangoni. Anamwachia anayekuja. Mimi nilikuachia. Kila asubuhi nakuta giza. Nikasema moyoni, huyu bwana ni mvivu, anaacha moto unakufa. Nikakaa kimya nisikuaibishe, nikawa nawasha mwingine."

"Sikuuacha ufe, mzee. Niliufunika."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Akatazama tena ile orodha.

"Basi sisi wawili tumechoma zizi kwa heshima."

Injinia akamtajia amri ya kuzizima zote kwa mara moja. Nilitaka kumwandikia, akasukuma mkono wangu. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akiuliza kila moja ilipo. Tulimsubiri. Akabonyeza.

Nikaandika uptime. Namba ya kwanza ilikuwa tisa. Baada ya muda kidogo sita. Halafu mbili na kitu. Ya tatu ilibaki juu, maana yenyewe bado ilikuwa inakumbuka robo saa nzima. Mzee aliuliza kwa nini hiyo haishuki. Nikamwambia inashuka, ila polepole. Akasema anamjua mke wa namna hiyo.

Shule zikarudi kutoka mapumziko na mzigo ukabaki chini. Mwalimu wa Yaeda Chini akatuma ujumbe wa neno moja: Limefunguka.

Lilibaki langu. Injinia akasema ukweli wake, na namheshimu kwa hilo. Alisema asubuhi alikuwa ameshaamua kwamba siendi. Kwamba hata sasa, wiki mbili hawezi, kwa sababu ameona tunavyofanya kazi: kila mtu anamwonea mwenzake haya na mashine ndiyo inalipa.

"Mzee," akasema, "ukifika asubuhi ukakuta kioo kitupu, utafanyaje?"

"Nitauliza kwanza moto uko wapi."

"Utamuuliza nani, na baba Zawadi hayupo?"

"Nitakupigia wewe. Utaniamkia, halafu nitakuuliza."

Akacheka tena, safari hii kidogo. Halafu akamwambia aandike ps na amsomee yeye mwenyewe. Mzee akasoma. Alikuwa anakosea matamshi lakini hakuruka mstari hata mmoja, na alipofika kwenye jina lake alisimama akasema, "Hapa nipo mimi, lakini ni huyu wa sasa hivi, si wa zamani." Ilikuwa sahihi.

Ameniruhusu. Si wiki mbili. Ni siku za njiani na siku moja ya kukaa. Jumatatu ile inayofuata anataka anisikie kwenye simu nikiwa nimefika angalau Singida.

Safari nzima hiyo kwa ajili ya siku moja ya kukaa kwenye kiti. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Kilichobaki wiki hii ni kumwachia mzee zamu zote mbili nikiwa nje ya mlango, ili azoee. Tumekubaliana jambo moja jipya: anayeondoka anazima cha kwake kwa mkono wake, mwenzake akiwa amesimama hapo anaona. Mzee anasema ni adabu mbaya. Anasema ataifanya hivyo hivyo.

Sijui kama nina furaha. Nadhani mimi ni kama ile namba ya tatu, bado nakumbuka asubuhi.

Natoka Katesh Alhamisi ya wiki ijayo alfajiri, nashika basi Singida, nalala njiani. Mama Zawadi, najua huwa unasoma hapa kwa simu ya jirani. Ijumaa jioni, kabla hamjafungia kuku, nitakuwa nimefika. Mwambie mdogo wangu asante, na kiti akitoe uani akipanguse, ila asikikalie.