Jirani Asiyependa Ngoma

Ibra, Sharqiyah
14 Machi 1983

Mpendwa mdogo wangu Marhun,

Assalaam alaykum. U hali gani na baridi ya huko Ufaransa? Kifua kimepoa? Sisi tuzima, alhamdulillahi.

Picha yako tuliipata: huo mkahawa wa ukingoni mwa mto, taa za rangi mitini, mabibi wazima wanacheza na waume zao, nawe umekumbatia akodiani, viti karibu vilowe. Mama aliicheka wiki nzima. Dada yako Turkiya akasema nasi tufanye yetu wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Basi Ijumaa nikafunga duka, mimi nisiyefunga hata kwa homa. Tukatandika mikeka kwenye mchanga mkavu, na birika, na sambusa, na redio kaseti. Jua kali, wingu hakuna.

Unamjua Khalaf, jirani mwenye mitende, asiyeweza kusikia taarabu yetu bila ya kusonya. Akatokea juu ya ukingo, anapiga makelele, anatikisa bakora. Turkiya akasema, "Huyo kaja kutuharamishia! Ongeza sauti, na apasuke!" Nikaongeza.

Kumbe mvua imenyesha milimani, naye keshayaona maji. Sisi tuliokuja kutoka Unguja tumezoea maji ya bahari, ya kujaa na kupwa kwa saa zake. Haya ya wadi hayana saa. Yanakuja yamesimama kama ukuta, na mawe yanagongana ndani yake. Khalaf aliteremka mwenyewe, akamtia mama begani bila ya salamu, ndipo tulipokimbia. Mikeka na redio vilikwenda tunaviona.

Mimi muuza pampu, maji ndiyo kazi yangu. Jana nilipima alama ya tope kwenye jabali tulilokaa chini yake: mita mbili na sentimita kumi. Mama hafiki mita moja na nusu. Usiku kucha sikulala.

Nawe uliandika kuwa mto wenu ulipanda, mkasogeza meza, mkaendelea kucheza. Uliandika kwa kicheko! Hukusema sakafu ya mkahawa imeuzidi mto kwa kiasi gani. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mama anakuombea dua kila sala. Mke wangu Rahila anakusalimu. Turkiya pia. Khalaf tumempelekea halua. Kaipokea, na kasonya.

Mungu akukinge na kila kinachokuja bila ya hodi. Na hapo mkahawani, mtafute jirani asiyependa ngoma, ukae naye vizuri. Siku akipiga makelele, zima muziki kwanza, umsikilize.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuhofia,
Abdullatif